Kabati la Ozella

Kosa ni langu, nalikiri kabla hujaketi vizuri. Mara ya kwanza nilipokisimulia kisa hiki ilikuwa nyuma ya kanisa, siku ya samaki wa kukaanga, na nilikianzia kwenye chupa. Watu walicheka mpaka mmoja akajimwagia pilipili kwenye suruali nyeupe. Kufikia Jumapili, Shemasi Lemuel Broadnax, mtu ambaye katika miaka yake sitini na tisa hajawahi kumeza tone la kilevi, alikuwa anasimamishwa mlangoni na kuulizwa baa yake inafungua saa ngapi. Hakunigombeza. Alikuja kwangu Jumatatu na sufuria ya sukuma iliyopikwa pamoja na paja la bata mzinga, akaiweka mezani, akasema, "Siku nyingine uanzie kwenye kofia."

Basi leo naanzia kwenye kofia.

Zilikuwa ishirini na tatu. Karibu kila moja ilikuwa na boksi lake la duara, na zote zilipangwa ndani ya kabati la ukutani pale koridoni, katikati kabisa ya nyumba ya Lemuel. Ni kabati lenye kina. Mtu mzima anaingia, anageuka na kufunga mlango. Zilikuwa za mke wake, Ozella. Kulikuwa na ya njano yenye unyoya uliolala upande kama umechoka. Kulikuwa na nyeupe pana ya Jumapili ya Meza ya Bwana, ambayo kwa miaka kumi na tano iliwanyima waliokaa nyuma yake nafasi ya kumwona mchungaji. Kulikuwa na ya kijani aliyoivaa siku alipomshika mchungaji mkono na kumwambia mbele za watu kwamba mahubiri yalikuwa mazuri, yote mawili.

Desturi ya kanisa letu la Bethabara Mpya inajulikana. Mwanamke akifariki, kabla mwaka haujaisha mumewe au watoto wake wanawaita kina mama, na kila mmoja anaondoka na kofia moja. Jumapili inayofuata wanazivaa zote kwa pamoja. Ozella alipofariki, mwaka ukaisha na Lemuel hakuita mtu. Ukaisha wa pili. Kisa hiki kinapoanza ilikuwa imetimia miaka sita, na mlango wa lile kabati haujafunguliwa tangu siku alipotoa kofia ya kumzikia. Hakuna aliyemuuliza. Kina mama walikuwa wakimsalimia vizuri, wanampelekea keki, wanaangalia ule mlango wakipita kwenda msalani, wanarudi zao.

Sasa Philippa.

Walikutana Portland, kule Oregon, kwenye harusi ya mpwa wake Lemuel. Waliwekwa meza moja, ile meza ya pembeni wanayowekwa watu waliokuja peke yao. Philippa Gaines alikuwa mkutubi wa shule aliyestaafu, mwanamke mwembamba mwenye mvi fupi, na alikuwa ameshika glasi yake kwa shina kama mtu anayeshika ua.

"Hunywi?" akamuuliza.

"Mimi ni shemasi wa Kibaptisti."

"Sikuuliza kazi yako."

Lemuel akatabasamu, akasema hapana, hanywi, wala hajawahi.

"Basi nusa," akamsogezea glasi. "Kunusa hakujakatazwa popote. Nimesoma."

Akanusa. Akafikiri kwa muda mrefu, kwa sababu yeye ni fundi bomba mstaafu, na fundi bomba hatoi jibu kabla hajajua maji yanatoka wapi. Halafu akasema, "Inanuka kama ghala la bibi yangu kule Macon, mvua ikishanyesha."

Philippa akaiweka glasi mezani. Akamwambia kwamba amekaa na wapenzi wa mvinyo miaka arobaini, wamemtajia cheri na tumbaku na ngozi ya viatu, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia kitu cha kweli namna hiyo.

Zikafuata Jumapili za simu miaka miwili, saa kumi na moja za jioni, bila kukosa. Mwezi wa tano Lemuel akapanda ndege, akaenda kumwomba amwoe. Philippa akakubali. Tena akakubali kuhamia huku kwetu Atlanta, maana yeye hana mtoto huko, na Lemuel ana kanisa, ana kaburi, ana bustani ya nyanya.

Watu wanaohamia huku huwa wanauliza habari za foleni za barabarani, mbu na kodi. Philippa aliuliza jambo moja tu, Jumapili ya mwisho ya mwezi wa sita.

"Lemuel, chupa zangu zitalala wapi?"

Zilikuwa chupa sitini, zimekaa chini ya nyumba yake kwenye chumba cha mawe. Kila moja ilikuwa na kikaratasi shingoni kilichoandikwa nani aliyempa na itafunguliwa siku gani. Nyingine alikuwa amezitunza tangu wazazi wake wakiwa hai.

"Mimi nitalala popote," akasema. "Zenyewe haziwezi. Zinataka giza, ubaridi, na zisiguswe-guswe. Kama huna mahali, niambie ukweli, nizigawe huku kwa marafiki kabla sijaja. Sitakasirika."

Hilo la kutokasirika ndilo lililomnyima raha. Nyumba za mtaa wetu hazina chumba chini. Ukifungua kile kimlango cha uvunguni unakutana na udongo, mabomba na paka wa jirani. Lakini Lemuel aliona wazi kilicho mbele yake. Mwanamke akigawa kila anachokipenda ili aje kwako, atakuja nusu. Atakaa kwenye kochi lako kama yuko kituoni anasubiri kuitwa jina. Na ukimwuliza vipi, atakwambia salama, kwa sababu alishaahidi kutokasirika.

"Nipe wiki mbili," akamwambia.

Jumamosi akaenda kwenye duka la mvinyo. Mara ya kwanza maishani. Gari akaliegesha kwa fundi matairi, mitaa miwili nyuma, akatembea kwa miguu na jua lile, kofia imeshushwa mpaka kwenye nyusi. Akasukuma mlango, kengele ikalia, akaingia. Na pale, katikati ya rafu za mvinyo mwekundu, alikuwa amesimama Dada Wylene Cato, mwenyekiti wa wakaribishaji wa kanisa, rafiki wa Ozella tangu shule ya msingi. Glavu nyeupe za Jumapili hakuvaa, ila mgongo ulikuwa ule ule, umenyooka kama fimbo ya bendera.

Kwetu, ukikutana na muumini mwenzio kwenye duka kama lile, humwoni. Wala si unafiki, ni adabu. Unasoma lebo. Dada Wylene akasoma lebo ya chupa kama anasoma hati ya shamba. Lemuel naye akasoma bango la kizima moto, mpaka akajua lilikaguliwa lini na nani. Kengele ya mlango ikalia tena, Dada Wylene akawa hayupo.

Mwenye duka, Renata Fambro, mama wa makamo mwenye miwani mikubwa na rasta za mvi, alikuwa ameyaona yote kutoka kaunta na ameshayazoea.

"Karibu, mzee wangu. Nikusaidie nini, au na wewe umekuja kusoma?"

Lemuel akaeleza. Alieleza vibaya, akianzia mwisho, mpaka Renata akamkatiza. "Ngoja. Unahama au unahamiwa?"

"Nahamiwa."

"Na mpenzi wa mvinyo."

"Na mchumba wangu. Ambaye anapenda mvinyo."

"Kutoka wapi?"

"Portland."

Renata akavua miwani. "Masikini. Kule mvinyo unakaa chini ya ngazi na kuvuta shuka. Huku Julai yetu haimheshimu mtu. Chukua kalamu, baba, andika."

Lemuel akatoa bahasha ya sadaka mfukoni, maana ndiyo karatasi aliyokuwa nayo, akaandika.

Asihame kabla ya Novemba, akaambiwa. Lori la mizigo ni tanuri lenye magurudumu. Aje na chupa ndani ya gari lake, kiyoyozi kimewashwa, na akisimama kula, ale haraka. Asiache chupa kwenye buti hata kwa muda wa kununua mkate. Asiziweke gereji, wala jikoni juu ya friji, na yeyote atakayemwambia aziweke pale ni adui yake. Asije hapa Jumapili asubuhi, sheria ya mji inataka kwanza watu watoke ibadani. Jirani akimletea mvinyo wa kienyeji kwenye chupa ya jamu, ule wa zabibu zetu za ngozi ngumu, mtamu kama dawa ya kikohozi, aunywe wote, aombe tena, asifananishe na kitu chochote alichowahi kunywa Oregon.

"Akifanya hivyo tu atazikwa na watu wengi," Renata akasema. "Sasa la maana. Zitalala wapi? Asikutie gharama ya friji la mvinyo, umeme wetu unaujua, dhoruba ikipita tunakaa giza siku mbili. Unachotaka ni kabati la ndani. La katikati ya nyumba. Halina dirisha, haligusi ukuta wa nje, halipakani na jiko. Unalo?"

Lemuel akaangalia bahasha yake.

"Sina," akasema.

Kwa hiyo siku hiyo shemasi alifanya mawili ambayo hakuwahi kuyafanya: aliingia duka la mvinyo, na akasema uongo ndani yake. Na la pili ndilo alilorudi nalo nyumbani kifuani.

Alinunua chupa moja ya bei rahisi kwa majaribio. Mpango wake ulikuwa huu: ataiweka gereji pamoja na kipimajoto, aone. Alikuwa ameshaambiwa gereji haifai, lakini fundi huamini anachopima mwenyewe. Alipofika nyumbani, ng'ambo ya barabara alikuwa ameketi Mama Pruitt kwenye kibaraza chake, mama wa kanisa mwenye umri wa miaka tisini na mbili, macho yake yanaona mpaka tarehe ya gazeti lililoko kwako. Lemuel hakuthubutu kuitoa ile chupa. Akaiacha kwenye buti, angoje Mama Pruitt aingie ndani. Akawasha mpira wa besiboli kwenye televisheni. Akasinzia kwenye kiti mpaka asubuhi.

Asubuhi ilikuwa Jumapili ya kwanza ya mwezi, Jumapili ya Meza ya Bwana. Akaoga, akavaa suti nyeupe, akawasha gari, akaenda kanisani chupa ameisahau butini, akili yote ikiwa kwenye vile vikombe vidogo vya juisi ya zabibu. Maana sisi kwa Meza ya Bwana ni juisi ya zabibu, hakuna kingine, tangu babu zetu.

Ibada ilichukua saa tatu na robo. Jua la Julai likakaa juu ya lile buti kwa saa tatu na robo.

Baada ya ibada, vitambaa vyeupe vya meza huwa vinapelekwa kufuliwa. Kazi hiyo ilikuwa ya Ozella, na baada yake Lemuel aliishikilia, hakutaka mtu mwingine aiguse. Dada Wylene akamsindikiza mpaka kwenye gari, vitambaa vimekunjwa mikononi mwake kama mtoto mchanga. Lemuel akafungua buti.

Harufu ilitoka kama mtu aliyefungiwa. Kizibo kilikuwa kimesukumwa na joto mpaka kikachomoka, chupa imelala ubavu, na mvinyo umesambaa kwenye zulia la buti, mwekundu, wa moto, unang'aa.

Lemuel alitaka kueleza, lakini wakati huo huo akasikia fimbo ya kutembelea inagonga lami nyuma yake. Mama Pruitt alikuwa anakuja, maana Jumapili humpa lifti.

Mtu mwingine angefunga buti. Lemuel alinyang'anya vitambaa vya Meza ya Bwana kutoka mikononi mwa Dada Wylene na kuvitupa juu ya ule mvinyo, vyote vinne, akavisukuma kwa viganja viwili.

Wote wawili wakabaki wanaangalia. Weupe ukawa unaondoka taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni.

"Harufu gani hiyo?" Mama Pruitt akauliza.

"Juisi ya zabibu, Mama," Dada Wylene akasema bila kugeuka. "Shemasi ameimwaga."

Mama Pruitt akavuta pumzi kwa pua, polepole, kama anayepima. "Juisi ya zabibu gani inayonuka kama shemeji yangu Rufus?"

"Imekaa juani."

"Rufus naye alikuwa anasema hivyo hivyo," Mama Pruitt akasema, akaenda kukaa kiti cha mbele, akafunga mkanda, akangoja.

Baada ya kumfikisha Mama Pruitt kwake, wakaingia jikoni kwa Lemuel. Dada Wylene alivua saa na pete, akaagiza birika la maji yachemke kabisa na beseni kubwa. Akamshikisha Lemuel ncha mbili za kitambaa, nyingine mbili akazifunga kwenye migongo ya viti, kikakaza kama ngoma juu ya beseni, halafu akapanda kwenye stuli na birika akamwaga maji ya moto kutoka juu kwa mkono mmoja. Doa likaanza kutoka.

"Usilegeze," akasema.

"Silegezi."

"Unalegeza. Ozella alikuwa anashika vizuri zaidi yako, na alikuwa na baridi yabisi."

Lemuel akakaza ncha zake.

"Jana sikukuona mahali popote," Lemuel akasema.

"Wala mimi sikukuona. Tena nilikuwa nanunua wa kutia kwenye keki ya Krismasi."

"Mwezi wa saba?"

"Huwa naanza mapema." Akashuka kwenye stuli, akachukua kitambaa cha pili. "Na wewe ambaye sikukuona, ulikuwa unatafuta nini?"

Akamweleza. Safari hii alianzia mwanzo: harusi, glasi, ghala la bibi yake Macon, Jumapili za simu. Akamweleza chupa sitini na vikaratasi vyake. Akamweleza Philippa alivyosema hatakasirika. Dada Wylene alikuwa anamwaga maji na kusikiliza, na kufikia kitambaa cha nne alikuwa amenyamaza namna ambayo wakaribishaji hunyamaza wakati mtu analia kwenye benchi la mbele.

"Na mwenye duka amesema ziwekwe wapi?"

"Kwenye kabati la ndani. La katikati ya nyumba."

Dada Wylene akakamua kitambaa. Hakuangalia upande wa koridoni. Hakuwa na haja.

"Nilimwambia sina," Lemuel akasema.

"Mm."

"Wylene, kwa nini hamkuniuliza hata siku moja? Miaka sita."

"Kofia za mtu hatuombi, Lemuel. Tunasubiri kuitwa." Akatandaza kitambaa juu ya viti viwili, akakinyoosha kona kwa vidole. "Ile ya zambarau yenye wavu ni yangu. Aliniambia mwenyewe hospitalini. Nilishashonesha gauni la kuendana nayo. Nimelipanua mara mbili tangu hapo, na fundi amesema kitambaa cha akiba kimeisha. Kwa hiyo kama utaita, ita kabla sijala Krismasi."

Lemuel akacheka. Alicheka vizuri tu, halafu katikati ya kicheko sauti ikabadilika, akageuka akashika ukingo wa sinki. Dada Wylene akamwachia nafasi, akajifanya anatafuta pete yake.

Alipoondoka, Lemuel alikwenda koridoni na kipimajoto. Nje joto lilikuwa limefika pale mtu anapoacha kulitaja. Akashika kitasa. Akaufungua mlango.

Kulikuwa na ubaridi. Si mwingi, lakini ulikuwepo, umetulia humo miaka yote ile bila kumsumbua mtu. Kulikuwa na harufu ya poda yake na ya karatasi laini za kufungia kofia. Akaingia, akakaa chini juu ya zulia kati ya maboksi, suti nyeupe na yote, akaweka kipimajoto gotini. Alikaa muda mrefu kuliko kipimajoto kinavyohitaji.

Jumamosi iliyofuata aliita. Walikuja ishirini na wawili, na hakukuwa na ugomvi, maana kila mmoja alikuwa anajua ya kwake tangu zamani. Mmoja alikwenda moja kwa moja kwenye boksi la chini kabisa bila kusoma maandishi. Mwingine akasema, "Hii niliiazima kwake mwaka tisini na saba nikairudisha na manukato yangu, sasa naichukua na yake." Mama Pruitt aliletwa kwa mkono, akachukua ile nyeupe pana, akasema ameketi nyuma yake miaka kumi na tano na sasa ni zamu yake kuwazibia wengine. Wakala biskuti za moto na kuku, wakamtaja Ozella mpaka koo zikakauka, wakaondoka.

Ilibaki moja, ile isiyokuwa na boksi. Kofia ya majani makavu, ukingo umechanika, ya kuchumia nyanya. Hiyo hakuna aliyeiulizia. Lemuel akairudisha juu kabisa, kwenye ubao wa mwisho wa kabati.

Jumapili, alikuwa amesimama mbele kwa ajili ya maombi ya kufungua ibada. Akainua macho. Njano yenye unyoya ilikuwa kushoto, kijani karibu na dirisha, zambarau mlangoni na gauni lake, limebana lakini limefunga. Zote ishirini na mbili zilikuwa ndani ya kanisa, zinapepea kwa feni, zinainama kuulizana namba ya wimbo, zinainuka. Lemuel alifungua mdomo aombe, hakikutoka kitu. Mchungaji akasubiri. Kanisa likasubiri. Mwishowe akasema "Asante" tu, na watu wakasema amina, na yakahesabiwa ni maombi.

Saa kumi na moja jioni simu ikalia. Akamsomea Philippa bahasha yote: Novemba, tanuri lenye magurudumu, friji, chupa ya jamu. Philippa alicheka kwenye ya jamu. Halafu akauliza, "Na mahali?"

"Ninalo kabati. Nilikuwa nalo tangu mwanzo." Akamwambia lilikuwa na nini ndani, na kwamba dukani alikana.

"Lemuel, sikutaka umtoe mtu."

"Hajatoka. Amesambaa tu. Leo nimemwona sehemu ishirini na mbili."

"Na ile iliyobaki," Philippa akasema, kwa sababu mkutubi huhesabu, "iache hapo hapo ilipo. Nisiikute umeihamisha."

Alifika juma la pili la Novemba, amepita njia ndefu ya kusini ili akwepe theluji, ameendesha siku sita, chupa zimefungwa mikanda kwenye viti vya nyuma kama wajukuu. Harusi ilikuwa Jumamosi. Mpaka siku hiyo angelala kwa Dada Wylene, maana Lemuel ni shemasi na Mama Pruitt yuko kibarazani. Lakini chupa hazikuwa na sababu ya kusubiri harusi. Zikahamia kwanza, mchana ule ule, mwenyewe hajaruhusiwa.

Lemuel alikuwa ndani ya kabati, amepiga magoti mbele ya rafu alizozichonga kwa mkono, nafasi sitini, kila moja amepiga msasa isikwaruze lebo. Philippa alikuwa koridoni anampa moja moja, na kila anapompa anasoma kikaratasi. Hii ya baba yangu. Hii ya mwalimu mkuu, alikuwa mtu mbaya lakini alijua kuchagua. Hii ya siku nitakapopona goti.

Rafu ikajaa. Philippa akabaki na moja mkononi.

"Ulisema sitini," Lemuel akasema.

"Zilikuwa sitini. Hii niliongeza siku ile uliponiambia unalo kabati." Akampa.

Honi ikalia nje, mara mbili. Dada Wylene alikuwa amekuja kumchukua mgeni wake, na kuku wake alikuwa kwenye oveni. Philippa akamgusa Lemuel begani, akaenda kufungua mlango. Sauti za wanawake wawili zikaanza barazani, zikipandana, tayari zinacheka kitu.

Lemuel akageuza kikaratasi kwenye mwanga. Kilisema: Siku nitakapoacha kujiita mgeni.

Akatazama rafu. Hapakuwa na nafasi hata ya kidole. Akasimama, magoti yakalia, akaangalia juu, kwenye ule ubao wa mwisho. Kofia ya majani ilikuwa imekaa katikati, imeutanda wote na ukingo wake uliochanika, kama mwenye kofia alivyokuwa akitanda kwenye kochi mpira ukianza. Akaishika kofia kwa ncha za vidole, bila kuiinua. Chupa ilikuwa mkono wa pili.

"Ozella," akasema polepole, barazani wasisikie, "sogea kidogo, mama."